Nati saba na stadi moja iliyokatikia ndani: uchambuzi wa kisa

Gari lililohusika lilikuwa dogo, la silinda nne, na kasoro yake ilisikika kabla boneti haijafunguliwa. Injini ikiwashwa ikiwa baridi ilitoa mlio mkavu wa kugongagonga uliofuata mwendo wake, na mlio huo ulififia dakika chache baadaye kadiri injini ilivyopata moto. Mlio wa namna hiyo mara nyingi husingiziwa valvu. Hapa valvu hazikuwa na kosa: masizi yaliyotapakaa kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, chini ya tundu la moshi la silinda ya nne, yalionyesha kwamba gasketi, yaani kizibo bapa, ya manifodi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, ilikuwa inavuja, na kwamba manifodi ilipotanuka kwa joto ule uwazi mdogo ulijiziba kwa muda. Gasketi yenyewe hubadilishwa kwa muda mfupi. Kilichokula siku mbili na nusu ni kufungua nati saba zilizoishika manifodi, na ndizo zinazochambuliwa hapa, kwa sababu karibu kila namna ya kukwama ilijitokeza katika mstari huo mmoja.

Ni vyema kueleza kwanza jinsi sehemu hizo zilivyoungana. Silinda hedi ilikuwa ya alumini na manifodi ya chuma cha kusubu. Kutoka kwenye hedi zilichomoza stadi saba, yaani bolti zisizo na vichwa zenye hesi, yaani mikunjo ya kuzungushia nati, pande zote mbili, kila moja ya ukubwa wa M8, maana yake kipenyo cha milimita 8. Upande mmoja umefungwa ndani ya alumini, upande wa pili unapita kwenye tundu la manifodi na kupokea nati ya spana namba 12. Stadi nne zilikuwa safu ya juu, ambako mkono unafika bila shida, na tatu safu ya chini. Ile ya nyuma kabisa chini ilijificha kati ya manifodi na ukuta wa chumba cha injini, mahali ambapo jicho huona nati kwa kutumia kioo tu.

Kabla ya spana kugusa chochote, stadi zote zilipigwa brashi ya waya hadi hesi zilizochomoza nje ya nati zikaonekana. Hatua hii hurukwa na wengi, nami nimewahi kuiruka na kuijutia. Nati inapotoka hupita juu ya hesi hizo za nje, na kutu iliyojaa humo huweza kuigandisha upya baada ya kuwa imekwisha kulegea. Mtu hufurahia robo mzunguko wa kwanza, kisha huvunja stadi katika mzunguko wa tatu. Baada ya brashi yalifuata mafuta ya kupenya, yaliyopuliziwa injini ikiwa na uvuguvugu wa kuvumilika kwa mkono na kuachwa ipoe nayo, kwa kuwa chuma kinapopoa na kusinyaa huyavuta mafuta ndani ya nafasi ndogo. Uvuguvugu ni jambo moja na moto ni jingine: mafuta hayo yakipuliziwa kwenye ekzosi iliyotoka safarini yanaweza kuwaka. Upuliziaji ulirudiwa jioni na tena asubuhi. Muda ndiyo nyenzo ya bei rahisi kuliko zote katika kazi hii, na ndiyo inayobaniwa zaidi.

Kila nati ilichorwa pia mstari mmoja mwembamba wa rangi nyeupe, kuanzia uso wa nati hadi ncha ya stadi. Mstari huo ulifanya kazi kubwa kuliko spana. Nati ikizunguka peke yake, mstari hukatika mara moja na fundi hujua kwamba mambo ni mazuri. Mstari usipokatika, maana yake stadi inazunguka pamoja na nati, na hapo kuna uwezekano wa aina mbili: ama stadi inatoka kwenye hedi, jambo ambalo halina madhara kwa kuwa stadi mpya zipo, au mguu wake umekwama ndani ya alumini na shina lake linasokoteka kama kamba. Kinachotofautisha hali hizi mbili ni uwazi chini ya nati. Stadi inayotoka huibeba nati, na mwanga huonekana kati ya nati na manifodi. Stadi inayosokoteka huiacha nati pale pale.

Nati tatu za safu ya juu zilikatika mstari bila ubishi. Ya nne ilitoka na stadi yake nzima, uwazi ukionekana wazi. Katika safu ya chini, ile ya katikati nayo ilifunguka. Zikabaki mbili, zote za pembeni: ya mbele chini na ya nyuma chini.

Nati ya mbele chini ilikuwa imeliwa kingo zamani. Pembe zake sita zilikuwa zimelainika kiasi kwamba boksi, yaani spana ya kikombe, namba 12 iliizunguka kwa wepesi, na alama zilizobaki kwenye kingo zilieleza kilichotokea: mtu aliyepita hapo kabla yangu alitumia spana ya nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiishika spana hiyo mkononi huoni tofauti yake na namba 12, lakini sehemu hizo saba za kumi za milimita hutosha kuifanya spana ishike ncha za pembe badala ya bapa zake, na nati iliyokwama haisamehi kosa hilo hata mara moja. Boksi ya pembe kumi na mbili huleta tatizo la aina hiyo hata ikiwa ya namba sahihi, kwa kuwa hushika karibu na pembe. Kwa nati yenye kutu, boksi ya pembe sita ndiyo pekee ninayoiamini.

Nilipofika hapo nilikuwa na njia kadhaa, na nilichokitafakari zaidi ni mpangilio wake. Kila njia ilipimwa kwa swali moja: ikishindikana, itaniachia nini? Koleo ya kubana huonekana kuwa ya kwanza kwa urahisi, lakini ikiteleza hula chuma kilichobaki na kuacha kitufe cha mviringo kisichoshikika. Kipasua nati, ambacho huukata ukuta wa nati kwa patasi yake ndogo, kingefaa sana kama kingeingia; nafasi haikuruhusu. Kuchomelea nati kubwa juu ya ile iliyoharibika ni njia yenye nguvu, ila inahitaji umeme karibu na mabomba ya mafuta, kwa hiyo ilisubiri. Iliyobaki ni kugongelea boksi ya pembe sita iliyo ndogo kidogo. Boksi namba 11 ilikaa juu ya nati, ikagongwa kwa nyundo hadi ikajichongea njia kwenye chuma kilicholainika. Njia hii ina faida mbili: boksi hushika barabara, na mapigo yenyewe huivunjavunja kutu iliyo ndani ya hesi. Isipofanikiwa, nati hubaki na umbo la pembe sita, dogo zaidi lakini halisi, na njia zinazofuata zote bado ziko wazi.

Ilifanikiwa, ingawa si kwa mvuto wa kwanza. Nilipoona mstari haukatiki wala uwazi hauonekani niliacha kuvuta, nikapasha nati moto kwa tochi ndogo ya gesi, mwali ukilenga nati na kuikwepa stadi. Watu hudhani joto linaifungua nati kwa kuitanua sana, na hesabu haikubaliani nao. Chuma hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzijoto moja ya sentigredi. Tundu la milimita 8 likipashwa moto kwa nyuzi 300 huongezeka karibu milimita 0.03, na hata hiyo hupatikana ikiwa stadi imebaki baridi. Ni kidogo mno kuipumzisha nati, lakini kinatosha kuipasua kutu, ambayo haitanuki sawasawa na chuma na haina unyumbufu. Kwa hiyo kazi ya joto iko katika kupanda na kushuka kwake, na kupasha mara mbili na kuacha ipoe kulinisaidia kuliko kupasha mara moja kwa ukali. Ilipopoa mara ya pili niligusisha mshumaa kwenye kiungo cha nati na stadi wakati bado kuna joto la kuuyeyusha, nta ikanywewa ndani, na nati ikaachia kwa mlio mfupi mkavu.

Mlio huo una maana. Nati inayoachia hutoa sauti, na mkono huhisi mshtuko mdogo, kisha ugumu unapungua ghafla na kubaki umepungua. Stadi inayoanza kukatika haitoi sauti yoyote. Mkono huhisi ulaini, kama spana imezama kwenye mpira, na ugumu haupungui bali unabaki ule ule huku spana ikisogea. Nilivijua vyote viwili nilipoiendea nati ya saba, ile ya nyuma chini, na hata hivyo niliukosa ulaini huo. Nilikuwa nimeegemea bawa la gari, mkono ukiwa umepinda nyuma ya manifodi, mstari mweupe ukionekana kwenye kioo pekee. Spana ilisogea karibu robo mzunguko kwa ulaini, nikajiambia imeachia. Nati ikaniangukia kiganjani ikiwa na kipande cha stadi ndani yake.

Manifodi ilipotolewa, kisiki kilionekana kikiwa kimechomoza juu ya uso wa hedi kwa milimita 2 hivi. Hali ilikuwa mbaya lakini haikuwa ya mwisho. Milimita 2 za chuma ni kidogo kwa koleo na nyingi kwa kuchomelea, na zilinifanya niikatae njia ambayo ingekuwa jibu la kwanza la wengi: kutoboa kisiki na kuingiza kitoleo cha hesi za kinyume.

Sababu za kukataa zinahitaji kuelezwa, maana kifaa hicho huuzwa kama tiba ya kila bolti iliyovunjika. Stadi hii ilikatika kwa sababu mguu wake uling'ang'ania alumini kuliko shina lilivyoweza kuvumilia. Kitoleo huingia ndani ya tundu lililotobolewa katikati ya kisiki, kwa hiyo chenyewe ni chembamba kuliko stadi, na kinatakiwa kuleta msokoto ambao stadi nene haikuuweza. Zaidi ya hapo, kitoleo chenye umbo la kabari hukitanua kisiki kadiri kinavyozama na kukikaza zaidi kwenye ukuta wa alumini. Nacho kimetengenezwa kwa chuma kigumu kisichonyumbuka. Kikivunjika ndani, biti za kawaida za drili hazikikwaruzi hata kidogo, na kinachobaki ni biti za kabaidi, ambazo ni ngumu zaidi, au karakana yenye mashine ya kula chuma kwa cheche za umeme. Kwa swali langu la awali, kitoleo kikishindikana hakiachi kitu. Kina mahali pake, kwa bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi huku hesi zake zikiwa hazina kutu. Hapa hapakuwa mahali pake.

Kuchomelea kulihitaji maandalizi marefu kuliko kuchomelea kwenyewe. Waya hasi wa betri ulitolewa, mabomba ya mafuta yakasogezwa na kufunikwa, kizima moto kikawekwa karibu, na kibano cha ardhi cha mashine kikashikishwa kwenye hedi yenyewe, karibu na kisiki, ili umeme usitafute njia kupitia beringi za injini. Mafuta ya kupenya yaliyolowanisha kisiki yalifutwa kwa asetoni ikaachwa ikauke kabisa. Dawa ya kusafishia breki haikutumika, na hapa tahadhari ni ya afya: baadhi ya dawa hizo zina klorini, na mvuke wake ukikutana na mwali au cheche za kuchomelea huweza kutoa fosjini, gesi ya sumu kali hata kwa kiasi kidogo.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Nati ya M8 iliwekwa juu ya kisiki na kuchomelewa kwa ndani, na spana ilipovutwa nati ikatoka safi. Chuma kilichoyeyuka kilikuwa kimeshika ukuta wa nati bila kushika kisiki, kilichokuwa chini sana na pengine bado kina mafuta. Lakini jaribio hilo liliacha kisiki kikiwa kilivyokuwa, tena kimekauka kwa joto. Katika jaribio la pili iliwekwa kwanza washa bapa, yaani pete nyembamba ya chuma, ambayo tundu lake linakipisha kisiki, nacho kikajengwa juu kwa matone mafupi ya kuchomelea mpaka kikaungana na washa. Kisha nati kubwa zaidi ya tundu, ya M10, ikachomelewa juu ya washa hiyo. Mtu huogopa kwamba kuchomelea karibu hivyo kutaigandisha stadi kwenye hedi, ila chuma kilichoyeyuka hakiungani na alumini kwa njia hii. Cheche zinazorukia alumini hubanduka kwa patasi. La kuogopwa ni joto kuzidi. Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, kama chuma kinavyofanya, na hata alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, kwa hiyo matone yalikuwa mafupi na mapumziko yalikuwa marefu.

Nati ilipoacha kuwa nyekundu na kubaki ya moto, spana iliwekwa. Hakuna aliyevuta kwa nguvu. Nilianza kwa kukaza kidogo, kisha kulegeza kidogo, kwenda na kurudi kwa pembe isiyozidi sehemu ya nane ya mzunguko. Kukaza kitu unachotaka kukifungua huonekana kichekesho, lakini kutu hupasuka kwa mwendo wowote, na kurudi nyuma huisaga na kuirudisha mahali palipo na nafasi badala ya kuirundika mbele ya hesi. Dakika kama mbili hakukuwa na chochote ila ulaini ule ule niliokuwa nimejifunza kuuogopa asubuhi, na kila ulipojitokeza niliacha na kupasha. Ndipo ukaja mlio mkavu. Kisiki kilitoka mzunguko kwa mzunguko, kikiwa na unga mwekundu uliojaa kati ya hesi, na hesi za alumini zikabaki nzima.

Kama isingewezekana, drili ndiyo iliyokuwa zamu ya mwisho, na manifodi yenyewe ingetumika kama kiongozi: ingerudishwa mahali pake kwa nati nyingine, kijiti cha bomba chenye tundu jembamba kingewekwa kwenye tundu lake, na biti ya milimita 3 ingepitia humo ili ianze katikati kabisa ya kisiki. Kutoboa kwa macho ni kamari, kwa sababu biti inayoteleza hukimbilia alumini laini na kukiacha chuma kigumu. Biti zenye mkato wa kushoto zingependelewa, kwa kuwa huzungukia upande wa kufungua na wakati mwingine hukitoa kisiki kabla kazi haijakwisha. Hesi za M8 za kawaida huandaliwa kwa tundu la milimita 6.8, ukikaribia kipimo hicho huku uko katikati, mabaki ya chuma hutolewa kama koili ya waya.

Swali lililobaki ni kwa nini zilisumbua mbili za pembeni, na si nyingine. Jibu liko kwenye vyuma vyenyewe. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, lakini joto si lile lile: hedi hupozwa na maji na hubaki karibu na nyuzi 100, wakati manifodi huweza kufika nyuzi mia kadhaa. Tukichukua umbali wa milimita 200 kutoka katikati hadi stadi ya pembeni, na manifodi iliyopanda nyuzi 480, chuma hurefuka kwa takriban milimita 1, na alumini iliyopanda nyuzi 80 hurefuka chini ya milimita 0.4. Tofauti ya zaidi ya nusu milimita huisukuma stadi ya pembeni kila safari, na hurudi kila injini inapopoa. Ndiyo maana matundu ya pembeni ya manifodi nyingi hufanywa mapana zaidi. Katika manifodi hii tundu la nyuma lilikuwa limejaa kutu na masizi kiasi cha kukosa upana huo.

Kipande cha stadi kilichobaki ndani ya nati kilithibitisha jambo hilo. Uso wa mvunjiko ulikuwa na rangi mbili: karibu theluthi moja, upande mmoja wa ukingo, ilikuwa nyeusi na laini, na sehemu iliyobaki iling'aa kama chuma kipya. Ile nyeusi ni ufa wa zamani, uliofunguka kidogo kidogo kwa kupindwa na kuchafuka kwa moshi. Kwa hiyo sehemu ya lawama niliyokuwa nimejibebesha kwa ile robo mzunguko ilipungua, ingawa haikufutika. Stadi ingekatika kwa namna yoyote. Ulaini ulionipita ungeniokolea masaa tu, kwa kunifanya niandae mashine ya kuchomelea mapema.

Kufunga kulikwenda haraka. Hesi za hedi zilipitishiwa tapu, kifaa cha kuchonga hesi, kwa mkono kusafisha tu, uso wa manifodi ukapimwa kwa rula ya chuma na fila geji, vibati vyembamba vya kupimia uwazi, na kuonekana umenyooka, na tundu la nyuma likasafishwa hadi upana wake wa asili. Stadi zote saba zilibadilishwa pamoja na nati zake, na hesi zikapakwa grisi ya kuzuia kukwama inayostahimili joto la ekzosi. Grisi hiyo inadai uangalifu, kwa sababu takriban asilimia 90 ya nguvu ya kukaza huliwa na msuguano chini ya nati na kwenye hesi; ukipunguza msuguano bila kupunguza kipimo, unaivuta stadi kuliko ilivyokusudiwa. Kitabu cha gari kilitoa kipimo cha hesi kavu, na nilikishusha kidogo. Ukazaji ulianza katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili.

Asubuhi iliyofuata injini iliwashwa ikiwa baridi na mlio haukuwepo. Gari lilirudi baada ya wiki mbili ili nati zikaguliwe injini ikiwa imepoa kabisa. Nati mbili za safu ya juu zilisogea kidogo kabla ya kufika kwenye kipimo. Ile ya nyuma chini haikusogea.